Jinsi ya kutafuta galaksi za mbali kabisa ukiwa na kompyuta Arusha au Moshi

Mwanzoni mwa Januari, mnamo saa tatu usiku, toka nje uupe mlima mgongo: Meru kwa aliye Arusha, Kilimanjaro kwa aliye Moshi. Tazama kusini, kisha inua macho kama robo tatu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Hapo pana kundinyota la Tanuri, lenye nyota hafifu, na ndani yake kipande cha anga kidogo kuliko Mwezi mpevu ambacho wanaastronomia hukiita GOODS-South. Kwa macho matupu hakuna kitu pale. Lakini ndipo darubini ya Hubble ilipopiga picha yake maarufu ya mwaka 2003 na 2004 iliyofichua galaksi zipatazo 10,000, na ndipo ilipo JADES-GS-z14-0, galaksi ambayo nuru yake ilianza safari takriban miaka milioni 300 baada ya Mlipuko Mkuu.

Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuipata galaksi hiyo mwenyewe, kwa picha zilezile walizozitumia wataalamu. Zimewekwa wazi, bure, kwa mtu yeyote. Ukishaipata hiyo moja inayojulikana, utaratibu ni uleule kwa kutafuta nyingine.

Unatafuta nini hasa

Anga likitanuka, nuru inayosafiri ndani yake nayo hutanuka. Kipimo chake ni mhamo mwekundu, unaoandikwa z. Urefu wa wimbi lililotoka huzidishwa kwa (1+z), ukapata urefu wa wimbi linalotufikia.

Sasa, kati yetu na galaksi za kale kumejaa gesi ya hidrojeni. Gesi hiyo humeza nuru ya urujuanimno. Kwa galaksi za z zaidi ya 6, karibu nuru yote iliyo fupi kuliko nanomita 121.6 hupotea njiani. Ukingo huo ndio alama yetu. Piga hesabu: kwa z=6 ukingo unaangukia nanomita 851, kwa z=10 unafika 1,338, na kwa z=14 unafika 1,824, ndani kabisa ya infraredi. Kushoto kwa ukingo, kwenye mawimbi mafupi, ni giza; kulia, kwenye mawimbi marefu, kuna nuru.

Kahawa ya Moshi hupangwa madaraja kwa chekeche. Punje kubwa za AA hubaki kwenye chekeche la juu, nyingine hushuka hadi kwenye matundu ya saizi yake. Chukua gunia ambalo AA zimejaa na A zimejaa, lakini chini yake hakuna hata punje moja, si ndogo wala vipande. Shamba halizai hivyo. Kuna mahali njiani punje ndogo zimeondolewa zote kwa mpigo. Filta za darubini ni machekeche ya nuru, na galaksi ya mbali ni gunia la namna hiyo: mawimbi marefu yapo, mafupi yamekatika ghafla.

Kwa hiyo ushahidi wako mkubwa utakuwa kitu kisichoonekana. Hili ndilo linaloifanya kazi iwe ngumu, na ndiyo maana sehemu kubwa ya hatua zifuatazo inahusu kuhakikisha kwamba palipo na giza pana giza kweli.

Vya kuandaa

Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8 inatosha. Weka Python pamoja na Astropy na photutils, DS9 ya kufungulia picha, TOPCAT ya kuchambulia majedwali, na EAZY ya kukadiria z. Zote ni za bure. Acha nafasi ya GB 10 kwenye diski.

Hatua ya 1: Chukua kipande, usichukue picha nzima

Picha kamili za eneo hili ni za GB nyingi na zitamaliza bando lako kabla hujaanza. Katika hifadhi ya data ya darubini ya James Webb, iitwayo MAST, tafuta seti ya picha za mradi wa JADES, na omba kipande cha dakika moja ya tao kwa upana na urefu (dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya nyuzi, na sekunde ya tao ni sehemu ya 60 ya dakika hiyo), katikati yake ikiwa nyuzi 53.0829 na −27.8556. Kwa pikseli za sekunde 0.03 za tao, kipande hicho ni pikseli 2,000 kwa 2,000, yaani MB 16 kwa kila faili. Pakua filta saba: F090W, F115W, F150W, F200W, F277W, F356W na F444W, kila moja na picha yake ya makosa ya upimaji. Jumla ni faili 14, karibu MB 224. Ukipakua kwa amri ya wget, ongeza -c ili umeme au mtandao ukikatika iendelee pale ilipoishia badala ya kuanza upya.

Namba katika jina la filta ni urefu wa wimbi: F150W iko kwenye mikromita 1.50, F444W kwenye 4.44. Herufi W maana yake ni filta pana.

Usiruke picha za makosa ya upimaji ili kuokoa bando. Bila hizo utaona giza lakini hutajua kama darubini ilitazama pale kwa muda wa kutosha kuona chochote.

Hatua ya 2: Sawazisha picha

Fungua filta zote kwenye DS9, uzifunge pamoja kwa viwianishi vya anga, kisha pitia nyota chache kuhakikisha zimekaa mahali pamoja kwenye filta zote. Zikipishana hata pikseli mbili, vipimo vyako vyote vya rangi vitakuwa batili.

Halafu kuna tatizo la mtawanyiko. Nukta ya nuru haibaki nukta ikipita kwenye kioo cha mita 6.5; hutawanyika kuwa duara dogo, na duara hukua kadiri wimbi linavyorefuka. Kwenye F150W upana wake ni kama sekunde 0.05 za tao, kwenye F444W ni kama 0.145, karibu mara tatu. Ukipima kwa duara dogo lilelile, nuru nyingi ya F444W itamwagika nje ya duara na galaksi itaonekana ya bluu kuliko ilivyo. Dawa ni kuzifanya picha za mawimbi mafupi ziwe na ukungu sawa na wa F444W: chukua nyota tatu au nne zisizo na majirani, tengeneza umbo la wastani la nukta kwa kila filta, kisha tumia photutils kutengeneza kokotoo la kulinganisha. Ni saa moja au mbili za kazi, na zinalipa.

Hatua ya 3: Gundua vitu

Jumlisha F277W, F356W na F444W, kila moja ikipewa uzito kulingana na udogo wa makosa yake. Gundua vitu kwenye picha hiyo ya jumla, kamwe si kwenye F090W au F115W, kwa sababu unachokitafuta hakimo humo. Anza na kizingiti cha sigma 1.5 (sigma ni kipimo cha ukubwa wa kelele ya picha) kwa angalau pikseli tano zinazogusana, kisha baki na vitu vilivyo juu ya sigma 5 kwa jumla.

Hatua ya 4: Pima nuru, na upime giza

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nenda polepole.

Soma kwanza mstari wa BUNIT kwenye kichwa cha faili. Ukikuta MJy/sr na pikseli ni za sekunde 0.03, zidisha thamani ya kila pikseli kwa 21.15 upate nanojansky, kizio cha kiasi cha nuru. Magnitudo, kipimo cha mwangaza ambacho namba kubwa maana yake ni hafifu zaidi, ni 31.4 toa 2.5 mara logi ya nanojansky. JADES-GS-z14-0 kwenye F277W iko chini kidogo ya nanojansky 50, yaani magnitudo 27.2 hivi, hafifu karibu mara milioni 300 kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho zima huiona usiku wa giza.

Tumia duara la kipenyo cha sekunde 0.3. Kwa galaksi hii hasa, usizidishe. Umbali wa sekunde 0.4 tu kutoka kwake kuna galaksi nyingine iliyo mbele sana, ya z=3.475, ambayo inang'aa hadi kwenye filta fupi. Weka duara la 0.6 uone: nuru ya jirani inaingia, F090W inapata thamani, na galaksi ya kale kuliko karibu zote inakuwa kitu cha kawaida kwenye jedwali lako. Jirani huyu aliwatia shaka hata wataalamu mwanzoni, na walikuwa na haki.

Sasa giza. Programu itakupa makosa ya kila kipimo kwa kujumlisha makosa ya pikseli moja moja. Usiyaamini. Picha hizi zimetengenezwa kwa kuunganisha picha nyingi zilizosogezwa kidogo kidogo, na kazi hiyo hufanya pikseli jirani zishirikiane kelele. Kelele halisi ndani ya duara huwa kubwa kuliko hesabu hiyo. Njia ya uhakika ni hii: tupa maduara 500 ya kipenyo kilekile mahali patupu pasipo na chanzo chochote, pima kila moja, panga matokeo, uone yametawanyika kiasi gani. Mtawanyiko huo, ukikokotolewa kwa wastani wa kati na si wa kawaida, ndio sigma yako. Fanya hivyo kwa kila filta peke yake. Wastani wa maduara hayo pia lazima uwe karibu na sifuri. Usipokuwa, basi mandharinyuma hayakutolewa vizuri na giza lako lina nuru bandia au lina shimo.

Vipimo vingine vitatoka hasi. Ni kawaida, maana kelele huenda juu na chini. Viache hivyo hivyo kwenye jedwali la nanojansky. Unapohitaji magnitudo, andika kikomo cha juu cha sigma 2. Anayebadilisha hasi kuwa sifuri, au kuzifuta safu zenye hasi, anafuta galaksi zenyewe anazozitafuta.

Hatua ya 5: Chuja kwa rangi

Kwenye TOPCAT weka masharti matatu. Filta zote zilizo kushoto kwa ukingo ziwe chini ya sigma 2. Kuvuka ukingo kuwe na mruko wa angalau magnitudo 1, yaani mwanga uongezeke mara 2.5 au zaidi. Kulia kwa ukingo rangi iwe bapa au ya bluu, tofauti ya filta mbili zinazofuatana isizidi nusu magnitudo.

Sharti la tatu ndilo linalotenganisha umbali na vumbi. Kiangazi, jua likizama nyuma ya vumbi la nyanda za chini ya mlima, unalitazama bila kuumia macho na lina wekundu wa chungu. Vumbi limekula bluu nyingi, kijani kiasi, nyekundu kidogo: limepunguza kwa mteremko. Galaksi yenye vumbi hufanya vivyo hivyo, inapungua polepole kutoka F444W kurudi F356W, F277W, F200W. Hidrojeni haina mteremko. Inakata kwa kisu. Ukiona mwanga unaendelea kuongezeka kutoka F277W hadi F444W, shuku vumbi kwanza.

Kwa galaksi yetu, F090W, F115W na F150W zitakuwa tupu. F200W itakuwa na nuru pungufu, na hilo ni sahihi, kwa kuwa ukingo uko kwenye mikromita 1.85 hivi na filta hiyo inaanzia 1.76. F277W itakuwa kamili.

Hatua ya 6: Tazama kwa macho kila mgombea

Kata vipande vya sekunde 3 za tao kwa kila filta, vipange mstari mmoja, vyote kwa kipimo kimoja cha mwangaza. Tupa kilicho kwenye ukingo wa picha, kilicho juu ya miale ya nyota angavu (kwenye Webb miale mikubwa ni sita), na kinachoonekana kwenye filta moja pekee, kwa kuwa mara nyingi hiyo ni pikseli mbovu au alama ya chembe ya kosmiki. Kwenye filta fupi angalia pia nuru ya utando inayoakisiwa na nguzo inayoshika kioo cha pili cha darubini, ambayo inaweza kuficha giza au kuligeuza.

Kuna pia nyota kibete za kahawia za Njia Nyeupe yetu. Hizi ni baridi, methani yake hukata nuru vipande vipande, na hung'aa sana karibu na mikromita 4 hadi 5. Zinabaki nukta hata ukizikuza. JADES-GS-z14-0 ina upana, zaidi ya miaka ya nuru 1,600, na upana huo unapimika kwenye picha.

Hatua ya 7: Kadiria z, na umtafute mwigaji

Mpe EAZY vipimo vya filta zote saba pamoja na makosa uliyoyapima mwenyewe, ruhusu z kuanzia 0 hadi 20. Itakuchorea uwezekano wa kila z. Usitazame kilele kirefu tu. Tafuta kilima cha pili karibu na z=3 hadi 5.

Sababu ni kwamba nyota zenye umri kidogo zina mruko mwingine wa asili kwenye nanomita 364.6, uitwao mruko wa Balmer. Galaksi ya z=4 huuleta mruko huo kwenye mikromita 1.82, palepale ambapo galaksi ya z=14 huuleta ukingo wake. Kwenye picha hufanana.

Mfano unaofundisha zaidi ni CEERS-93316. Mwaka 2022 vipimo vya filta viliipa z ya takriban 16.4. Spektra, yaani nuru iliyotandazwa kwa urefu wa wimbi, ilipochukuliwa mwaka 2023 ikatoka z=4.9. Fuatilia hesabu: 121.6 mara 17.4 ni nanomita 2,116, 364.6 mara 5.9 ni nanomita 2,151. Karibu mahali pamoja. Zaidi ya hapo, oksijeni ya nanomita 500.7 ilihamia 2,954 na hidrojeni ya 656.3 ikahamia 3,872, kwa hiyo mistari hiyo miwili yenye nguvu (mstari ni nuru ambayo gesi huitoa kwenye urefu mmoja wa wimbi) ikazipandisha filta za kulia na kutengeneza mruko mkubwa kuliko uliokuwapo. Kosa halikuwa la uzembe. Maumbile yalipanga mistari vibaya kwa filta zilizokuwapo. Kinga yake ni filta nyembamba zaidi, zile za herufi M, pale zinapopatikana: mstari ukiwemo, filta moja itaruka peke yake na jirani zake zitabaki chini.

Mgombea ambaye kilima chake cha chini kina zaidi ya asilimia 5 ya uwezekano, muweke kwenye orodha ya pembeni. Usimtupe, usimtangaze.

Njia nyingine mbili, kwa ufupi

Kwa z iliyo karibu na 5.7 au karibu na 6.6, darubini ya Subaru ya mita 8.2 huko Hawaii hutumia filta nyembamba NB816 na NB921, zinazonasa mstari wa hidrojeni wa 121.6 wenyewe. Gawanya 816 kwa 121.6, toa 1, unapata 5.7. Ni njia nzuri kwa maeneo mapana, lakini ukirudi nyuma zaidi gesi huumeza mstari huo kwa galaksi nyingi na njia hukauka.

Njia ya pili ni kutumia mvutano wa kundi zima la galaksi kama lenzi. Nyuma ya Abell 2744 galaksi hafifu hukuzwa mara kadhaa. Ubora wake mkubwa ni kwamba lenzi hutoa wakati mwingine picha mbili au tatu za galaksi moja, na mahali zinapotokea hutegemea umbali. Hapo jiometria inakupa ushahidi usiotegemea rangi. Kasoro yake ni nuru ya galaksi za kundi lenyewe, ambayo lazima iondolewe kwanza kwa uangalifu.

Hatua ya 8: Uthibitisho

Filta hazithibitishi, zinapendekeza. Kinachothibitisha ni spektra. Chombo cha NIRSpec cha Webb kina vilango vidogo karibu 250,000, kila kimoja cha sekunde 0.2 kwa 0.46 za tao, vinavyofunguliwa juu ya wagombea wengi kwa pamoja. JADES-GS-z14-0 ilitazamwa kwa karibu saa kumi mwezi Januari 2024, na ukingo ukatoa z=14.32. Spektra yake nayo iko wazi. Ipakue, ichore, na uweke mstari wima kwenye mikromita 1.85.

Utaona ukingo hauko wima kabisa. Umelegea kidogo kulia. Hidrojeni iliyosongamana iliyo ndani na kando ya galaksi humeza pia nuru iliyo pembeni ya 121.6, hivyo anayesoma ukingo peke yake hupata z kubwa kidogo kuliko ya kweli. Ndiyo sababu ilitafutwa namba nyingine. Mwaka 2024 antena za ALMA, zilizoko kwenye uwanda wa mita 5,000 huko Chile, zilinasa mstari wa oksijeni ambao ukitoka huwa na gigahezi 3,393. Kutoka galaksi hii ulifika kwa gigahezi 223.5. Gawanya, toa 1: 14.18. Ukadirio wako wa EAZY ukianguka kati ya 13.5 na 15, umepima vizuri kadiri filta saba zinavyoruhusu.